Fundi Aliyetamani Mvi

Kuna watu wanatamani gari. Kuna wanaotamani nyumba ya ghorofa, na kuna wale wanaotamani cheo ili waitwe mheshimiwa hata na wake zao. Kambale alitamani mvi. Ukicheka, cheka taratibu, maana hujafanya kazi alikofanya yeye. Magari yalipatikana, fundi mmoja wa karakana ile aliwahi kununua gari bovu akalisukuma mpaka likawaka. Mvi hakuna aliyewahi kuzipata pale akaishi nazo.

Karakana yenyewe ilikuwa ya mawe. Si mawe ya kujengea msingi, bali mabamba mapana yanayokatwa kwa mashine na kusuguliwa mpaka yang'ae, yakawa meza za jikoni na ngazi za watu wenye nafasi. Mashine zikianza kulia asubuhi, vumbi jeupe linapanda mpaka darini na halishuki. Mchana kutwa kila fundi pale alikuwa mzee: nywele nyeupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe. Jioni walijipanga bombani wakamwagiana maji kichwani, uzee wote ukaingia mtaroni, wakarudi kwa wake zao wakiwa vijana. Na wengi walizikwa vijana hivyohivyo. Kinaanza kikohozi kidogo, kinakuja kikubwa, kisha mtu anapanda ngazi ya nyumba yake kwa kupumzika kila hatua, na baada ya hapo unasikia tu kwamba mazishi ni kesho.

Ukutani kando ya mlango kulikuwa na misumari, kila fundi na wake, na kwenye kila msumari aproni ya mpira. Fundi akifa, aproni yake inaoshwa na kutundikwa tena palepale, lakini uso wake unageuziwa ukutani. Nani alianzisha jambo hilo, hajulikani. Msumari ule haguswi na mtu mwingine mpaka nafasi ikosekane kabisa. Ndiyo maana Kambale, alipoingia pale kijana wa ndevu za kuhesabika, alifanya kazi mbele ya mgongo wa aproni ya baba yake, na miaka michache baadaye pembeni yake ikageuzwa ya kaka yake mkubwa. Baba hakufika arobaini na tano. Kaka hakufika hata arobaini.

Hospitali walisema ni moyo, moyo umesimama. Majirani walisema ni kifua, kazi ya Mungu. Kambale shule aliiachia njiani lakini domo alikuwa nalo, akasema palepale msibani: "Moyo wa kila mtu utasimama siku moja. Hata wa bosi utasimama. Mimi nauliza, hawa wetu nani anawaharakisha?" Shangazi yake akamvuta shati, akamwambia anyamaze, hapa ni kwenye matanga. Hakuridhika.

Jibu alilipata kilimani. Walipeleka bamba la jikoni kwenye nyumba moja yenye bustani, wakamkuta mzee wa nyumba ile amekaa jikoni anasubiri chai. Mzee kweli, si wa vumbi. Mvi mpaka masikioni, miwani imeshuka puani, na mikono iliyolainika kwa miaka mingi ya kushika vitu vyepesi. Akapitisha kiganja juu ya jiwe, akalisifu. Halafu akauliza, kwa wema tu, "Baba yako naye ni fundi? Hajambo?"

Kambale akajibu kwamba baba alishafariki, zamani.

"Pole sana, mwanangu. Wangu alituacha na miaka tisini na miwili. Tulilia, tukasema kaenda mapema mno."

Kambale hakukasirika. Akasirikie nini, na mzee wa watu kampa pole na kikombe cha chai? Lakini aliteremka kilima kile na jambo rohoni. Jiwe ni lilelile. Limepita mikononi mwa baba yake, limepanda huku juu, limewekewa vikombe, na mtu amezeeka kando yake bila kikohozi. Basi kinachoua si jiwe, ni unga wake, na unga wake haupandi kilimani, unabaki na wao bondeni. Jioni ile alimwambia mkewe, "Mimi nitazeeka." Mkewe alikuwa bibi harusi wa juzi, akadhani ni maneno ya mapenzi. "Zeeka," akamwambia, "lakini kwanza kanichotee maji."

Sasa, mashine zile za kukatia zilitoka dukani kila moja na mpira wake wa maji. Maji yanamwagikia jiwe linapokatwa, unga unageuka tope, tope linaanguka chini, umekwisha. Hilo kila fundi alilijua, msinidanganye kwamba hawakujua. Lakini maji yanachelewesha kazi, tope ni lazima lizolewe, viatu vinaloa, na fundi analipwa kwa bamba, si kwa mapafu. Wakaikata ile mipira wakafungia mizigo kwenye baiskeli. Kambale akaokota mmoja jalalani, akauunganisha na mashine yake, akafungulia maji. Tangu siku hiyo alisimama topeni asubuhi mpaka jioni, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Akawa Kambale, samaki wa matopeni.

Walimtania mpaka wakachoka. "Kambale, leo umevuliwa na nani?" Walisema nyumba yake ndiyo ile ya kambale, baba ana sharubu, mama ana sharubu, mgeni akibisha hodi hajui amwamkie nani. Bosi alimwita akamuuliza kwa nini wenzake wanamaliza mabamba mengi kuliko yeye. "Wenzangu wanajimaliza na wao wenyewe, bosi," akajibu. Alifokewa siku hiyo mpaka mtaani wakasikia. Hakufukuzwa, kwa sababu kingo za mawe yake zilikuwa safi na wateja wa kilimani walimtaka yeye.

Msidhani ilikuwa rahisi. Alipeleka nyumbani kidogo kuliko wenzake, miaka nenda miaka rudi. Mkewe alishonea watu nguo kujazia pengo, na siku za shida walinuniana, kila mtu akila upande wake wa sahani. Lakini maji hayakufungwa. Mimi nasema, na anayetaka kubisha aje abishe, ule ulikuwa ushujaa. Watu wanapewa nishani kwa mambo madogo kuliko kuvumilia kuchekwa kila siku na watu unaokula nao.

Basi Kambale akaota sharubu kweli, kama jina lake. Sharubu zikaingia weupe. Akaoga, weupe haukutoka. Akaoga tena kwa sabuni ya kufulia, uko palepale. Siku hiyo alijitazama kwenye kioo mpaka mkewe akamuuliza kama amepata mchumba. Akafika hamsini, akafika sitini, na hapo akamwendea bosi akamwambia sasa basi, anakwenda kupumzika. Bosi alikuna kichwa. Tangu akabidhiwe karakana ile na baba yake, hakuna fundi aliyewahi kumwambia maneno hayo. Alizoea kuagana nao makaburini. Akasema aje aagwe siku itakayofuata ile ya mwisho ya kazi, mchana, kwa soda na biskuti.

Furaha ya Kambale ilikuwa na mwiba, na mwiba wenyewe ni Kitinda. Huyu alikuwa kitindamimba wa mama yao, aliyeachwa na baba bado ananyonya. Kambale ndiye aliyemlea, na ilipokosekana kazi nyingine ndiye aliyemwingiza karakanani. Kitinda alikuwa na mikono ya dhahabu na kichwa kigumu kuliko mawe aliyoyakata. Yeye alikata kavu. "Kaka, wewe shemeji anashona," alisema. "Mimi nina watoto wanne, na bosi hanilipi kwa kuosha mawe." Akikohoa, alisingizia pilipili. Hata siku ambayo hawajala pilipili.

Kambale alitaka jambo moja tu kabla hajatoka pale: amwone mdogo wake akifungulia maji. Aproni ya baba imegeuzwa, ya kaka imegeuzwa. Hakutaka kuishi mpaka aione ya tatu ya nyumba moja. Siku yake ya mwisho ya kazi aliufungua mpira wake kwenye mashine, akaukunja vizuri, akampelekea Kitinda mbele ya watu.

"Chukua. Mimi siuhitaji tena."

Kitinda akacheka, akamrudishia. "Kaka, kambale anatosha mmoja kwenye ukoo."

Mafundi wakaangua kicheko. Kambale akageuka, akatoka na mpira wake mkononi bila kumuaga mtu, machozi yakimlengalenga. Aproni yake akaisahau sakafuni, imelowa tope.

Pale karakanani kulikuwa na mama mfagiaji, mgeni, hajazoea hata majina ya watu. Aliikuta ile aproni baada ya mafundi kuondoka. Akaona haipendezi, mzee anaagwa kesho halafu akute vazi lake lina matope. Akaiosha, akaitundika kwenye msumari wake, na kwa sababu upande wa ndani ulikuwa wa kitambaa, akaugeuzia nje ili ukauke upesi. Nia njema kabisa. Akafunga mlango akaenda zake.

Asubuhi mafundi wakaingia, wakaiona. Aproni ya Kambale, uso ukutani.

Hakuna aliyeuliza nani kaleta habari. Mahali pengine mtu akimaliza kazi jana na leo haonekani, watu wanasema amelala, mwacheni. Hawa walivua kofia. Kwamba mzee kamaliza jana na usiku kafa, kwao iliingia akilini bila tabu, kwa sababu hawakuwahi kuona fundi wa pale akiondoka kwa njia nyingine. Mmoja alimpigia Kambale simu, imezimwa. Basi, imethibitika. Kumbe Kambale aliizima mwenyewe, ili kwa mara ya kwanza maishani aamke bila kengele. Bosi akaamuru mashine zinyamaze. Wakapiga simu mtaani kwa huyu na yule, kumpa pole mjane. Kitinda alikuwa ameingia nyuma ya wote. Alitazama ukutani, zile tatu zimepangana, baba, kaka na kaka, akatoka mbio.

Na marehemu? Marehemu alikuwa amekwenda kununua mkate. Alitembea polepole kwa makusudi, akapiga soga na fundi viatu, akakaa kwenye jua la asubuhi ambalo miaka yote hiyo alikuwa akililipia kodi bila kuliona. Aliporudi alikuta kibaraza chake kimejaa watu wanalia, viti vinatolewa nyumba za jirani. Akamsogelea mama mmoja wa nyumba ya tatu, aliyejifunika uso kwa mtandio.

"Jirani, ni nani?"

"Fundi mawe," yule mama akasema bila kuinua uso. "Kifua hichohicho, jirani yangu. Wale ndugu wamekwisha."

Kambale akaelewa alivyoelewa. Kitinda. Jana tu alikuwa akimcheka, na yeye kaondoka bila hata kumwambia lala salama. Mkate ukamdondoka. Akakaa chini kwenye vumbi, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti, mzee mzima. Waliokuwa wakimlilia yeye wakasogea wampishe nafasi, na kwa muda wa kutosha hakuna aliyemtambua.

Ndani mkewe alikuwa anagombana na wafariji. "Nawaambia mume wangu kaenda kununua mkate." Nao wanamshika mabega, wanambembeleza: "Ndiyo, mama, kaenda. Sote tutakwenda." Akawasukuma, akatoka kibarazani, akatazama huku na huku, akamwona.

"Huyo hapo marehemu wenu," akasema. "Na mkate kautupa chini."

Hapo pakawa na kizaazaa. Kuna waliokimbia, kuna waliomshika mikono kuhakikisha ina joto, na yule mama wa mtandio alibaki mdomo wazi. Kambale hakuelewa kitu. "Mnanililia mimi?" akauliza. "Basi Kitinda yuko wapi? Nani kamwona Kitinda?"

Kitinda alikuwa anatokea kwenye kona. Alianza safari kwa mbio, sasa alikuwa anatambaa na kuta, anashika nguzo, anasimama, anashika mlango wa mtu, anasimama tena. Watu wakanyamaza, na kwenye ule ukimya kila mtu akakisikia kifua chake kinapiga filimbi. Alimwona kaka yake amesimama mzima. Akafungua mdomo aseme "kaka", ikatoka nusu.

Kambale alimfikia kabla hajaanguka. Alimkalisha kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili ya matanga, akapiga magoti, akaweka kiganja mgongoni pake kama alivyokuwa akifanya Kitinda akiwa mtoto. "Usiseme. Vuta polepole. Tena." Mtu wa miaka sitini hahemi, anamhesabia pumzi mtu wa miaka arobaini na miwili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Walikuja kumlilia mmoja, wakaona ni yupi alikuwa njiani.

Ilichukua muda. Sauti iliporudi, Kitinda alikuwa analia waziwazi, hajali watu.

"Nilidhani umekufa na mimi nimekurudishia mpira wako."

"Sijafa. Nilifuata mkate."

Kitinda akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akabaki na michirizi. "Kaka," akasema, "uko wapi ule mpira?"

Mchana walikwenda wote karakanani, na nusu ya mtaa nyuma yao, maana nani atakubali kukosa kumwona maiti akinywa soda. Mama mfagiaji alipoelezwa alichofanya alitaka ardhi ipasuke aingie. Kambale akamwambia, "Usijute, mama. Umefanya kazi iliyonishinda miaka yote." Akaenda ukutani. Akaishusha aproni yake yeye mwenyewe, akaigeuza uso mbele ili kila mtu auone, akaikunja, akaiweka kwapani. Msumari ukabaki mtupu. Mafundi waliutazama ule msumari kuliko walivyomtazama yeye. Bosi alikuwa ameandaa hotuba, akairudisha mfukoni, akasema tu, "Mzee, nenda ukapumzike." Kambale akatoka kwa mlango mkubwa, kwa miguu yake, kifua mbele, na mimi niliyesimulia mengi sijaona mwendo wa mfalme uliozidi ule.

Kitinda alikwenda hospitali wiki hiyohiyo, kapelekwa na kaka yake kama mtoto wa chanjo. Walimpiga picha ya kifua. Makovu yapo, daktari akasema, na hayatafutika. La kufanya ni kuachana na vumbi leo, si kesho. Kwa hiyo mpira alioupokea hakuwahi kuutumia. Aliufunga kwenye mashine ya mwenzake, akafungulia maji mbele ya wote, kisha akamwambia bosi kwamba kila mashine iwe na wake na bamba lililokatwa kwa maji lilipwe vizuri, la sivyo mashine zitabaki bubu kama asubuhi ile. Mafundi walisimama nyuma yake. Aproni zilizogeuzwa zilikuwa nyuma yao, na bosi alikuwa anaziona. Akakubali, kwa kununa. Kitinda akahamishiwa kwenye vipimo: anapanda kilimani polepole na utepe wake, anapima jikoni za watu, anapewa chai.

Miaka ikapita. Jumapili moja Kitinda alikuja kumjulia hali kaka yake, wakakaa kibarazani, mpira ule mkuukuu, uliorudishwa bosi aliponunua mipya, ukiwa umetundikwa kwenye mti wa ua ambako Kambale anamwagilia mboga akiwa amevaa aproni yake. Kitinda alikuwa amepita umri wa baba yao, ingawa hakuna aliyelitaja. Alikuwa anaeleza habari za mtoto wake shuleni. Kambale hakusikiliza. Alikuwa anatazama juu ya sikio la mdogo wake.

Akalowesha kidole kwa mate, akasugua pale. Akatazama. Akasugua tena kwa nguvu.

"Kaka, unanitoa ngozi. Ni nini? Mimi leo nimeoga."

"Najua umeoga," Kambale akasema. "Tulia kidogo." Akageuza kichwa kuelekea ndani. "Mke wangu, acha cherehani. Lete kioo, na chai ya wazee wawili."